Kufuli Lililonyweshwa Mawese

Nikiwa naangalia filamu, mtu akachomeka kijiwaya kwenye tundu la ufunguo, akatega sikio, akakunja uso kidogo na mlango ukafunguka, mimi huinuka na kutoka nje. Si kwa hasira. Nachanganyikiwa tu, na nikichanganyikiwa siwezi kukaa. Watu ninaoishi nao wakati huo, maana nimeishi na wengi, hudhani nimekwenda msalani. Nikirudi, mwizi ameshachukua alichokifuata na anakimbia juu ya mapaa.

Nimefungiwa nje ya vyumba vingi: Tabora, Mpanda, Mbeya, tena Tabora. Mtu asiyetulia mahali pamoja hupoteza funguo kama wengine wanavyopoteza miavuli. Sijawahi kuona hata mara moja kufuli likifunguliwa kwa pini. Mhudumu wa gesti huja na kishada cha funguo, hujaribu mmoja baada ya mwingine, huhema, huuliza, "Ulisema chumba kipi vile, dada?" kisha humwita mtu mwenye nondo. Halafu ni vumbi la mlango, vipande vya mbao, na wageni wa vyumba vingine wanatoa vichwa waone kuna nini.

Lakini liko kufuli moja ambalo sikulifungua, na ambalo mpaka leo sijui kama lilifunguliwa au lilifungwa. Hilo ndilo linalonitoa nje.

Ilikuwa miaka ile ambayo wakimbizi walikuwa wakiingia Kigoma kwa maboti karibu kila siku. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, sikuchaguliwa kuendelea, nakaa nyumbani Ujiji, sina kazi wala mpango. Mama alikuwa ananunua dagaa Kibirizi, ufukweni maboti yanakotia nanga, na kuwauza mjini. Asubuhi moja alikwenda Kibirizi kama kawaida, akarudi bila dagaa. Nyuma yake alikuja mwanamke mwembamba aliyejifunga kitenge kilicholowa mpaka kiunoni, na nyuma ya mwanamke alikuja mchukuzi mwenye sanduku la mbao kichwani.

"Huyu atalala na wewe," mama akaniambia. "Mpishe upande wa ukutani."

Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba kwa lafudhi ya Kirundi, akaelekeza sanduku liwekwe wapi, kisha akalikalia. Alilikalia siku nzima.

Habari yake tuliipata kidogo kidogo. Alikuwa ametoka Rumonge, upande wa Burundi, ambako mumewe alikuwa fundi cherehani sokoni. Ndani ya sanduku mlikuwa na cherehani yao ya mkono. Risasi zilipoanza kusikika karibu, mume alimpeleka ufukweni, akampakia kwenye boti yeye na sanduku, akarudi mbio kumchukua mama yake mzazi. Boti halikusubiri. Na ufunguo wa kufuli alikuwa nao yule mume, ameuvaa shingoni kwa uzi, kama alivyouvaa kila siku ya soko.

Kwa hiyo alikuwa na cherehani, na hakuwa na cherehani.

"Tulivunje tu," mama alisema jioni ile, kwa wema kabisa. "Kesho namwita fundi wa baiskeli. Nyundo moja, limekwisha. Ushone, ule."

Mgeni akaweka mikono yote miwili juu ya kufuli.

"Oya," alisema. Hapana. "Kwetu sanduku la mtu aliye safarini halivunjwi. Ukilivunja umeshamzika. Mama mkwe wangu aliwahi kuvunja la shemeji yangu aliyekwenda Uvira, akitaka blanketi tu. Majirani waliposikia nyundo, wakaja kutoa pole."

"Na shemeji yako?"

"Hakurudi."

"Kwa sababu ya nyundo?"

Mgeni alifikiri. "Sijui," alisema. "Lakini pole zilikuwa zimeshapokewa."

Mama aliguna. Sisi kwetu hatukuwa na mwiko wa namna hiyo, au kama tulikuwa nao ulikuwa umeshasahauliwa. Lakini nani amwambie mwanamke amzike mumewe ili apate kushona?

Nikasema, "Na likifunguliwa bila kuvunjwa? Halafu likafungwa tena?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aje. "Hilo si kuvunja," alisema polepole, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu. "Likifunguka lenyewe, likafungwa tena, nani amelivunja?"

"Basi mimi naweza," nikasema.

Inabidi nieleze nilipata wapi ujasiri huo. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na banda la video karibu na soko: kuta za mabati, mabenchi, televisheni moja, deki moja, na jenereta iliyonguruma nyuma mpaka maneno mengi hayasikiki. Hilo halikuwa tatizo kwa kuwa wengi wetu hatukujua Kiingereza. Mjomba alisimama kando ya televisheni na kijiti mkononi, kama mwalimu wa jiografia mbele ya ramani, akitufasiria. Mimi niliingia bure mchana kwa sababu nilikuwa nafagia.

Katika banda lile nilikuwa nimeona makufuli yakifunguliwa mpaka nikazoea. Bibi mmoja wa Kizungu alichomoa pini kichwani, nywele zote zikamwagika mabegani, akaingiza pini kwenye tundu, akafumba macho, na mlango wa chuma ukampisha.

"Mwoneni!" mjomba alipaza sauti. "Kufuli hilo halijapata kufunguliwa tangu vita ya Mjerumani! Lakini bibie kasomea!"

"Kasomea wapi, mzee?" mtu akauliza kutoka benchi la nyuma.

"Huko huko kwao. Nyamaza, utazame."

Nami niliamini kwamba jambo hilo nalijua, kama nilivyojua mzunguko wa maji na sehemu za ua. Hakuna aliyewahi kunitaka nizionyeshe sehemu za ua kwenye ua lenyewe.

Tatizo la kwanza lilikuwa pini. Shule yetu ilitaka wasichana wanyoe, na nywele zangu zilikuwa bado fupi mno. Mama alisuka kwa uzi. Jirani wa kulia alisuka kwa uzi, jirani wa kushoto alijitanda ushungi na sikuwa na ujasiri wa kumuuliza kuna nini chini yake. Nilikwenda duka la pembeni kuomba pini ya nywele, muuzaji akaniletea pini ya nepi.

"Una mtoto?" aliuliza.

"Sina."

"Basi nepi ya nani?"

Niliichukua hiyo hiyo. Ilipinda mara ya kwanza nilipoisukuma. Nikaomba spoku kwa fundi wa baiskeli, ilikuwa nene mno. Nikachomoa ubavu wa mwavuli uliochanika. Huo uliingia.

Nilichuchumaa mbele ya sanduku, mlangoni penye mwanga, nikatega sikio kama wanavyotega. Nilitegemea kusikia kitu. Nilisikia mchanga. Kufuli lilikuwa limekunywa maji ya ziwa wakati wa safari, kutu imeanza, na kila nilipozungusha waya lilisaga kama mtu anayetafuna dagaa ambao hawakuoshwa. Kile kinachosogea ndani kilikuwa kipi? Kwenye filamu huoneshwi ndani. Unaoneshwa uso. Nami nilikunja uso jinsi inavyotakiwa, mpaka shingo ikaniuma, na kufuli halikujali uso wangu.

Halafu watu. Sijaona filamu ambayo mtu anachokonoa kufuli na majirani wakamjia. Kwetu, binti akichuchumaa mlangoni na waya mkononi, mtaa mzima una swali. Wapita njia walisimama. Mwanamke wa ushungi alileta kigoda akakaa kabisa.

"Mkono wa kulia au wa kushoto?" aliuliza.

"Wa kulia."

"Jaribu wa kushoto. Mume wangu vitu vya kukwama hufungua kwa kushoto."

Nilijaribu wa kushoto.

Siku ya pili akaja balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mpole aliyependa mambo yafuate utaratibu. Alisimama juu yangu na bakora yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo mali ya nani?"

"Ya mgeni wetu."

"Mgeni, mali ni yako?"

"Ni ya mume wangu."

"Mumeo yuko wapi?"

Mgeni akageuza uso kuelekea ziwani. Balozi akajua ameuliza vibaya, akakohoa.

"Nauliza kwa sababu ya utaratibu," alisema. "Sanduku la mtu linafunguliwa na mwenyewe, au mbele ya mashahidi. Mwenyewe hayupo. Basi mimi nitakuwa shahidi." Akavuta kigoda kilichobaki. Kuanzia siku ile, kila nilipoanza kazi ilibidi kwanza aitwe.

Nilimfuata mjomba bandani. Alikuwa anapangusa deki kwa kitambaa.

"Mjomba, yule bibi wa pini. Alikuwa anasukuma juu au chini?"

"Bibi yupi?"

"Wa mlango wa chuma. Ulisema kasomea."

Akaendelea kupangusa. "Nilisema hivyo?"

"Ulisema kufuli ni la tangu vita ya Mjerumani."

"Mpwa wangu," mjomba alisema, "mimi wanavyosema siwasikii. Naangalia midomo, nasema kitu kinachofaa. Watu wamelipa, niwanyamazie?"

"Lakini alifungua!"

"Alifungua."

"Alifunguaje?"

"Alifungua kwa kuwa hadithi iko upande wa pili wa mlango!" Alikuwa ameanza kuudhika. "Asipofungua, sisi sote tunakaa tunatazama mlango. Nani atakuja kesho?"

Nilirudi nyumbani njia ya mbali, nikiwaza. Hadithi yetu ilikuwa upande upi wa kufuli? Cherehani ilikuwa ndani. Lakini mume alikuwa nje, ng'ambo ya mpaka, nyuma ya milima ya kaskazini ambayo siku zisizo na vumbi huonekana kama mtu ameiweka pale jana. Sikujua ninapaswa kumtafuta wapi.

Mama ndiye aliyeleta habari ya mawese. Kwetu mawese yalikuwa mboga, dawa ya ngozi iliyopasuka, mafuta ya mlango unaolia, na kitu cha kumpa mtoto aliyemeza mwiba wa samaki. Hakukuwa na kitu kikavu ambacho mawese hayakukilainisha. Alichemsha kidogo kwenye kijiko, akamimina mekundu kabisa ndani ya tundu la ufunguo, mpaka yakafurika na kuchirizika kwenye mbao.

"Mnyweshe, mnyweshe," balozi alisema kutoka kwenye kigoda.

Jioni ile waya uliteleza vizuri. Nilihisi kitu. Hakikuwa kikubwa, ni kama jino linapotikisika, unalijua kwa ulimi kabla ya kulijua kwa akili. Nikasukuma tena. Kikasogea.

"Linakuja!" nikasema.

Mgeni akanidaka kifundo cha mkono.

"Basi," alisema. "Tuache kwa leo."

"Lakini linakuja!"

"Nimesema tuache, mwanangu."

Nilimtazama mama, mama akamtazama balozi, balozi akatazama bakora. Mgeni mwenyewe ndiye aliyetaka lifunguliwe. Kila asubuhi aliniuliza kama nimeamka vizuri, kisha akalitazama sanduku, ndiyo namna yake ya kuniambia nianze. Na sasa limeanza kusogea, ananishika mkono. Nilimuuliza baadaye tukiwa tunachambua mchele kama anataka au hataki.

"Nataka," alisema.

"Sasa?"

"Sasa nini? Likifunguka bila yeye, basi linaweza kufunguka bila yeye." Akatoa kokoto, akaitupa. "Wewe bado mdogo."

Ulikuwa mwezi wa sita. Asubuhi za mwezi wa sita kwetu zina ubaridi, na kila mtu wa Kigoma anajua mawese yanakuwaje asubuhi ya namna hiyo. Yanaganda. Mama mwenyewe alikuwa akiweka chupa ya mawese juani kabla ya kupika. Lakini hakuna hata mmoja wetu, si mama, si mimi, si balozi wala mwanamke wa ushungi aliyezaliwa kwenye michikichi, aliyekumbuka kwamba yataganda hata ndani ya kufuli. Asubuhi iliyofuata waya haukuingia. Mawese yalikuwa yameshikana na vumbi la kiangazi na kutu, yakawa donge la rangi ya tofali. Mama akasema yaongezwe ya moto ili yayeyushe yale ya baridi. Tukaongeza. Kesho yake donge likawa kubwa zaidi.

Wiki ile ile balozi alikuja na sura isiyo ya shahidi. Kulikuwa na tangazo: wakimbizi waliokaa kwenye nyumba za watu mjini waandaliwe, malori yatakuja kuwapeleka kambini.

"Kambini ukiwa na cherehani wewe ni fundi," mgeni alisema, akiongea na ukuta. "Bila cherehani unapanga foleni tu."

Mama alikwenda ndani, akarudi na nyundo. Aliiweka chini karibu na sanduku, kama unavyomwekea mgeni maji ya kunawa. Mgeni aliichukua. Aliinyanyua mpaka usawa wa sikio. Mwanamke wa ushungi akafunga macho. Kisha mgeni akaishusha taratibu, akaitumia kupigilia msumari uliokuwa umetokeza kwenye kigoda cha balozi, akairudisha kwa mama.

"Kitamchania nguo mzee," alisema.

Ufunguo ulikuja siku chache kabla ya malori.

Mama alikuwa Kibirizi aliposikia mtu wa maboti akiuliza kama kuna anayemjua mke wa fundi cherehani wa Rumonge, yule wa sanduku. Alimleta nyumbani moja kwa moja, dagaa wake akawaachia wenzake. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye harufu ya moshi na samaki, asiyetaka kukaa. Alitoa mfukoni kitambaa kilichofundikwa. Ndani mlikuwa na ufunguo mdogo wa shaba na kipande cha uzi mweusi.

Mgeni hakuugusa.

"Nani amekupa?"

"Mtu wa boti jingine."

"Na yeye?"

"Na yeye alipewa."

"Na nani?"

"Hapo sijui, mama."

"Hakusema kitu? Mwenyewe yuko wapi? Anaumwa? Yuko na mama yake?"

"Mimi nimepewa ufunguo, mama," yule mtu alisema, na aliona aibu. "Sikupewa maneno."

Mama alipiga vigelegele. "Yuko hai! Ametuma! Amejua huwezi kufungua, ametuma ufunguo ushone!"

"Mtu aliye hai angeuleta mwenyewe," alisema mwanamke wa ushungi.

"Wewe mwanamke una mdomo!"

"Nasema tu. Mtu hai ana miguu."

Mgeni alikuwa ameuchukua uzi, anaitazama ncha yake. Nikainama nami. Fundo la uzi lilikuwa halijafunguliwa. Uzi ulikuwa umekatwa, mkato safi.

Sote tuliwaza jambo moja: mtu akivaa kitu shingoni, nani anakikata?

"Fundi cherehani," mama alisema, sauti imeshuka, "hafungui fundo. Anakata. Wewe mwenyewe unajua. Mkono wake ni mkasi."

"Ego," alisema mgeni. Ndiyo. Lakini alilisema kama mtu anayeitikia akiwa chumba kingine.

Balozi aliitwa, akaja, akakaa. Mgeni akapiga magoti, akaingiza ufunguo. Uliingia nusu, ukakwama kwenye mawese. Akausukuma. Ukaingia wote. Akauzungusha, haukuzunguka.

Wakati huo ndipo nilipoona uso ambao sijauona kwenye filamu yoyote. Ufunguo wenyewe, wa mwenyewe, umesafiri ziwani, umepita mikono ya watu wasiojuana, na kufuli linaukataa kwa sababu sisi tulililisha kama mtoto. Alinitazama. Hakuwa na lawama. Alikuwa ananiuliza. Nami ndiye niliyesema naweza.

"Juani," nikasema. Sijui lilitoka wapi. "Kama chupa ya mama. Tulitoe juani."

Tulilibeba sanduku uani, mimi na yule mtu wa maboti, tukaligeuza kufuli lielekee jua la saa sita. Mjomba alikuja na kopo la mafuta ya taa, akadondosha matone machache akijitia anajua. Tukangoja. Mama alipika, tukala, mtu wa maboti akakubali kukaa. Balozi alisinzia. Kisha mawese yakaanza kutoka, polepole, mekundu yenye vumbi, yakichuruzika kwenye mbao za sanduku hadi ardhini. Mgeni alikuwa akiyafuta kwa ncha ya kitenge kila yalipotoka, tena na tena, bila kuyatazama.

Ufunguo ukazunguka. Mlio wake ulikuwa mdogo sana.

"Kasomea!" mjomba alianza kusema, mama akamkata jicho.

Ndani mlikuwa na cherehani, imefungwa kwenye gunia, haina hata kutu. Pia nguo za wateja: sketi za shule zisizo na mshipi, gauni lililoshikizwa kwa uzi tu, shati dogo la mtoto lenye mkono mmoja. Mgeni alizitoa moja moja, akataja kimoyomoyo za akina nani. Niliona midomo ikisogea. Wale watu walikuwa wapi siku ile, nani ajuaye? Alipanga nguo zote juu ya mkeka. Akaisafisha cherehani, akatunga uzi, na kabla jua halijazama shati la yule mtoto lilikuwa na mikono miwili.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Katika banda la mjomba yangeishia hapo.

Asubuhi alinishika mkono twende Kibirizi. Sanduku lilikuwa tupu, na alikuwa amelifunga tena kwa lile kufuli. Nililiona nilipokuwa natoka. Yule mtu wa maboti alikuwa anapakia chumvi na sabuni kurudi Burundi. Mgeni akampa kitambaa kile kile, kimefundikwa vile vile.

"Mrudishie," alisema.

"Nimrudishie nani, mama?"

"Aliyekupa. Naye amrudishie aliyempa."

Mtu yule alikipima kitambaa kiganjani. "Na wa mwisho je? Akiwa hayupo wa kumpa?"

"Wewe utakuwa umeshampa mwenzako. Si kazi yako tena."

"Mama, nisikudanganye. Huenda nikaudondosha ziwani."

"Ukiudondosha, udondoshe ukiwa unakwenda kule."

Alicheka kidogo, kisha akaona kwamba mgeni hacheki. Akakiweka kitambaa mfuko wa ndani. Tulisimama mpaka boti likawa dogo. Kurudi Ujiji niliuliza maswali yote niliyokuwa nayo. Kama yuko hai, si angehitaji kujua umefungua? Kama hayupo, ufunguo unakwenda kwa nani? Na kama unaamini ni mzima, kwa nini hukungoja aje mwenyewe? Na kama huamini?

"Unauliza sana," alisema. "Nunua karanga."

Nikanunua karanga.

Malori yalikuja. Alikaa nyuma pamoja na wengine, cherehani ameipakata, imefungwa kwa kitenge kama mtoto, na mfuko wa nguo za wateja miguuni. Mama alimpa chupa ya mawese, wakacheka wote wawili mpaka wakajifuta macho. Vijana wa kupakia mizigo walinyanyua sanduku lake, na kwa sababu walijiandaa kwa kitu kizito, nusura walirushe juu ya lori.

"Mama!" mmoja aliita. "Sanduku hili tupu! Lori limejaa, liache hapa!"

"Siyo tupu," alijibu kutoka juu. "Limefungwa."

Kijana alilitikisa, akatega sikio karibu na kufuli, akakunja uso. Alinitazama mimi niliyekuwa karibu, kama kuniuliza ndani mna nini. Nikamnyooshea kidole juu ya lori. Akalipandisha.